Wasomaji Wanauliza: Pesa ya Kuhama Hupotea Kabla ya Gari Kufika

Barua za mwezi huu nyingi ni za watu wanaohama, au waliohama juzi na bado wanahesabu hasara. Tumechukua sita. Tutaanza na bei ya gari, lakini mtaona kwamba hasara kubwa ziko kwingine.

Nahama kutoka Sinza kwenda Goba mwisho wa mwezi. Nina chumba na sebule: kitanda cha sita kwa sita, kabati la milango mitatu, kochi la watu watatu na viti viwili, friji, jiko na vyombo. Mwenye Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anataka elfu 40 kwa tripu, mwenye Canter anataka laki na kumi. Wenzangu wote wananiambia nichukue Kirikuu. — Mpangaji, Sinza

Kirikuu ni rahisi kwa tripu moja. Wewe unahamisha nyumba nzima. Chukua futi kamba upime. Bodi ya Kirikuu ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 194 na upana wa 141, na kiwandani imepangiwa kubeba kilo 350. Godoro lako la sita kwa sita lina sentimita 183 kila upande, kwa hiyo halilali humo. Litasimamishwa kwa ubavu na kufungwa. Ukisimamisha godoro, ukaweka mbao za kitanda na kabati, gari limejaa. Kochi na viti ni tripu ya pili. Friji, jiko na vyombo ni ya tatu. Mara tatu elfu 40 ni laki na ishirini, na hapo wapakiaji wamekusubiri kila tripu, huku nusu ya mali yako ikiwa Goba bila mtu wa kuilinda. Canter yenye bodi ya futi 14 itabeba vyote mara moja.

Hesabu tunayoitumia ni hii: mzigo ukimalizika kwa tripu moja au mbili, chukua Kirikuu, ukifika ya tatu, ita Canter. Isipokuwa pale ambapo uchochoro ni mwembamba na Canter itasimama mbali. Hatua mia moja za kubeba friji begani zina bei yake, na wapakiaji watakutajia wakishaona huna namna.

Sasa kupatana. Usimpigie dereva ukauliza, "Sinza hadi Goba bei gani?" Hajui una nini, kwa hiyo anakutajia bei ya kujikinga. Piga video ya dakika moja ya vitu vyote, umtumie, kisha umweleze mambo manne: uko ghorofa ya ngapi, gari linasimama hatua ngapi kutoka mlangoni huku na kule, barabara ya mwisho ikoje (vilima vya Goba mvua ikinyesha si mchezo), na nani anawalipa wapakiaji. Hili la mwisho ndilo linaloleta ugomvi kuliko yote. Vijana wanapakia, mnafika, wanakwambia hela uliyotoa ilikuwa ya kupakia tu, kushusha ni makubaliano mengine. Andika kwenye ujumbe wa simu: "Bei ni pamoja na kupakia, kushusha na kuingiza ndani, wapakiaji watatu." Akijibu "sawa", una ushahidi. Mkubaliane pia kama hela utakayotuma kwa simu ni pamoja na ya kutolea. Kwa wanaokwenda Kigamboni, ulizeni tozo ya daraja au kivuko ni ya nani.

Malipo: mpe ya mafuta kama anaihitaji, isizidi theluthi moja. Iliyobaki ipokelewe kitu cha mwisho kikishaingia ndani.

Na hiyo tarehe yako ndiyo ghali kupita zote. Kodi nyingi zinaisha siku zilezile, watu wote wanagombania magari yaleyale. Ukiweza kusogea hadi katikati ya mwezi, Jumanne au Jumatano, utakuwa na nguvu ya kupunguziwa. Ukishindwa, basi gari lifike saa kumi na mbili asubuhi. Dereva anayejua atakuwa huru saa nne anapunguza bei, kwa sababu siku yake bado ni nzima. Anayeanza kupakia saa kumi jioni anakutoza foleni na giza. Ila kuwahi huko kuna sharti: kila kitu kiwe kimefunguliwa na kufungwa usiku wa kuamkia. Chumba na sebule vilivyo tayari ni kazi ya saa moja kwa vijana watatu. Kitanda kikiwa bado kina godoro na shuka, mchana utawakuta hapohapo.

Maboksi mazuri nitayapata wapi bila kununua? — Mama wa nyumbani, Mbagala

Mama, maboksi ya maduka ya dawa ni magumu na masafi. Yaulizie wiki mbili kabla, maana yanatoka machache machache. Ya biskuti na ya mafuta ya kula yanafaa pia. Yaliyobebea sabuni tumia kwa nguo, usiweke unga wala mchele. Kabla ya kuingiza boksi ndani, chungulia mikunjo ya chini, ndiko mende huweka mayai.

Lakini anza na vyombo ulivyo navyo. Ndoo za lita 20 zenye mifuniko, mabeseni, sufuria kubwa: hivyo vyote vitasafiri tu, visiende vitupu. Vikombe viingie ndani ya sufuria, kila kimoja kimefungwa kwa kitenge au taulo. Sahani zisilazwe moja juu ya nyingine, zisimamishwe kwa ubavu kama zilivyo kwenye kichanja cha vyombo, na magazeti katikati. Sahani iliyolala inabeba uzito wa zote za juu gari linaporuka shimo. Nguo ziende kwenye viroba. Vitabu viingie kwenye maboksi madogo, kwani boksi kubwa la vitabu linang'oka kitako mlangoni.

Mimi ni mwalimu, nimepata uhamisho kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Nibebe vyombo vyote au niuze nikanunue vingine huko? — Mwalimu, Temeke

Mwalimu, kwanza rudia kuisoma barua yako ya uhamisho. Kama mwajiri ndiye aliyekuhamisha, dai stahili zako kwa maandishi kabla hujaondoka, ukiambatanisha barua hiyo. Ukishakuwa Mbeya, kufuatilia faili lililobaki Dar ni nauli juu ya nauli. Kama uhamisho uliuomba mwenyewe, kawaida barua inasema utajigharamia, na ndipo hesabu inayofuata inakuhusu zaidi.

Kwa kila kitu kikubwa, jumlisha bei utakayokiuzia hapa na gharama ya nafasi yake kwenye gari. Jumla hiyo ndiyo bei halisi ya kukibeba. Mfano: kochi utaliuza laki na nusu, na nafasi yake kwenye lori inakugharimu laki moja. Kulibeba ni sawa na kulinunua upya kwa laki mbili na nusu. Kama Mbeya utapata la namna hiyo kwa bei hiyo au chini yake, liuze. Kochi hula nafasi kubwa kwa thamani ndogo, ndiyo maana mara nyingi huwa la kwanza kubaki. Kabati la chipubodi nalo liache. Kitanda cha mninga au mkongo kinachofunguka kwa bolti kibebe, kikishafunguliwa ni mbao chache tu. Friji libebe. Feni ziuze, kwani Mbeya iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti utatafuta blanketi la pili. Kwa sababu hiyohiyo, usimpe mtu mablanketi na masweta unayoyaona hayana kazi hapa Temeke.

Anza kuuza wiki tatu kabla. Mnunuzi wa wiki ya mwisho anaona viroba vimefungwa na anajua huwezi kubeba, anakupa nusu. Na usimwambie mtu tarehe ya kuondoka kabla hajataja bei.

Kuhusu gari, usikodi lori zima kutoka mjini. Viazi, mchele, ndizi na maharage ya Nyanda za Juu Kusini huja Dar kwa malori, na yale ambayo wenyewe wako huko lazima yarudi. Nenda Mabibo au Tandale asubuhi yanaposhusha, uongee na dereva au tingo. Wewe utalipia nafasi tu. Njia hii ni nafuu sana, ila ina masharti yake, nasi tunayaona yakipuuzwa.

La kwanza, siku si yako: gari linaondoka likipata mzigo wa kutosha, kwa hiyo acha siku tatu au nne za kusubiri, na vitu vyako viwe sehemu yenye mlinzi. La pili, uliza linaishia wapi hasa. "Linakwenda Mbeya" yaweza kumaanisha Uyole, na lingine linaishia Makambako, nawe ukakodi gari jingine toka hapo. La tatu, bodi iliyotoka kushusha viazi ina udongo na unyevu. Ifagiliwe, litandikwe turubai chini, lingine lije juu, na mzigo wako usiwekewe saruji wala vyuma kwa juu. La nne, andika namba kwa maka kwenye kila furushi: kama yako 34, basi 1/34, 2/34, hadi la mwisho. Piga picha ya orodha, namba ya gari na leseni ya dereva. Njia ni zaidi ya kilomita 800 na magari hushusha njiani. Usipohesabu wakati wa kupokea, kirobota kilichoshukia Iringa hutakijua mpaka mwezi upite.

Vyeti, kompyuta na dhahabu ukae navyo kwenye basi. Mtungi wa gesi wenye gesi usiuweke kwenye lori lililofunikwa kwa safari ndefu hivyo. Muuzie jirani mtungi pamoja na gesi yake.

Nilihama Machi. Siku ileile nikawasha friji, likaunguruma na tangu hapo haligandishi. Fundi anasema ni kompresa. Kabati nalo linayumba kama limelewa. Desemba nahama tena, naogopa. — Dada wa Kigamboni

Pole, dada. Kompresa ya friji ina mafuta yake chini, ndani ya lile chungu jeusi la nyuma. Friji likilazwa, mafuta yanatiririka kuingia kwenye mabomba ya gesi. Ukiwasha kabla hayajarudi, kompresa inasaga ikiwa kavu, na mafuta yanaweza kuziba ule mrija mwembamba wa kupitishia gesi. Ulichokieleza kinafanana sana na hilo.

Desemba fanya hivi. Zima siku moja kabla, acha barafu iyeyuke yote, kausha kwa kitambaa. Toa rafu za kioo na droo, zifungwe kwenye shuka. Mlango ufungwe kwa kamba ya nguo. Usitumie selotepu, inabandua rangi. Friji lisafiri limesimama, mgongo ukiegemea ubao wa mbele wa bodi ya gari, likafungwa kwa kamba mbili, juu na katikati. Ngazi zikilazimisha kuinamisha, lisipite nusu ya njia kati ya kusimama na kulala. Waangalie wapakiaji: wengi hushika ile kichanja ya waya ya nyuma kwa sababu ina mahali pa kushika, na mrija ukivunjika gesi yote inatoka. Washike kitako. Mkifika, friji lililosafiri limesimama lipe saa nne kabla ya kuwasha. Lililolazwa lipe siku nzima. Vyakula vilivyobaki vipikwe viishe wiki hiyo. Kununua nyama ya kilo tano siku mbili kabla ya kuhama ni kuitupa.

Kabati lako bila shaka ni la chipubodi. Mbao hizo ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, na tundu la skrubu lililowahi kufunguliwa halishiki tena vizuri. Kabla hujahama, lirekebishe. Chovya njiti mbili tatu za kiberiti kwenye gundi ya mbao, zijaze kwenye tundu, zikate zilingane na uso, acha hadi kesho yake, kisha rudisha skrubu. Halafu angalia ule ubao mwembamba wa nyuma. Watu hudhani ni wa kuzuia vumbi, kumbe ndio unaolifanya kabati lisiyumbe. Pima kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kona nyingine mbili. Vipimo vikilingana, kabati limenyooka. Ndipo upigilie ubao wa nyuma upya pande zote nne. Siku ya kuhama usilifungue. Toa milango na rafu tu, likabebwe likiwa boksi, ilimradi umeshapima mlango wa kule.

Bolti za kitanda ziwe kwenye mfuko ulioshonwa au kufungwa kwenye ubao wa kitanda chenyewe, si kwenye mkoba wako. Tivii bapa isilazwe kamwe. Isimame kati ya godoro na kabati, kioo kikiangalia godoro.

Nimelipa kodi ya miezi sita hadi Oktoba, lakini nimepata kazi Kibaha na nataka kutoka Agosti. Mwenye nyumba anasema hela hairudi. Kule Kibaha dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. — Kijana, Tabata

Miezi hiyo miwili, ndugu, ina thamani kuliko gari, wapakiaji na maboksi yako yote yakijumlishwa, kwa hiyo ipiganie kwanza.

Usimwombe mwenye nyumba hela, kwa sababu pengine ameshaitumia. Muombe ruhusa ya kumletea mpangaji mwingine. Huyo atakulipa wewe miezi miwili iliyobaki, na kuanzia Novemba atalipana na mwenye nyumba. Andikeni karatasi moja, mkiweka sahihi watatu, ikionyesha tarehe na kiasi. Usimwingize mtu kimyakimya: mikataba mingi inakataza, na mwenye nyumba akigundua, mnatoka wote. Tangaza mapema, chumba kikiwa bado na vitu na kimepangwa, maana kitupu chenye kuta zilizochakaa hakivutii. Angalia pia mkataba unadai notisi ya muda gani, uiandike leo.

Dalali: kodi ya mwezi mmoja ndiyo desturi, na akikufanyia kazi mlipe. Lakini patana kabla hujaonyeshwa nyumba, na hela ya kuonyeshwa ihesabiwe ndani ya udalali. Nyumba moja hupita mikononi mwa madalali wawili watatu, kila mmoja anaongeza chake, kwa hiyo sisitiza kuongea na mwenye nyumba mwenyewe, na kodi ipokelewe na yeye kwa risiti. Kibaha bado ina nyumba nyingi zenye bango la simu ukutani. Siku moja ya kuzunguka mtaani na kuuliza kwa mjumbe inaweza kukuokolea mwezi mzima wa kodi.

Mengine madogo lakini yanauma. Uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) zilizo kwenye mita zinabaki kwa anayekuja, na tokeni ya mita moja haiingii kwenye nyingine. Wiki mbili za mwisho nunua kidogo kidogo. Kule unakoenda, nunua umeme kidogo mbele ya mwenye nyumba kabla ya kulipa kodi, uone kama mita ina deni linalokatwa. Muulize pia kama mita iko kwenye kundi la watumiaji wadogo, wa hadi uniti 75 kwa mwezi, na mnaitumia wapangaji wangapi. Mita ya maji ipige picha siku ya kutoka na siku ya kuingia, tarehe ionekane.

Ninakaa Kisauni, ghorofa ya tatu. Jirani alipohama alikatwa karibu dipoziti yote, ati rangi na mabomba. Nami nahama mwezi ujao, na mahamali wanataka walipwe kwa ghorofa. — Mpangaji, Mombasa

Wenye nyumba wengi hukata rangi kwa bei ya fundi wao, kwa hiyo ipake mwenyewe kabla hawajaja kukagua. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye kuta za futi tisa kina karibu mita za mraba 30 ukitoa mlango na dirisha. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Ukipata rangi ileile iliyokuwapo, mkono mmoja unatosha, basi kopo la lita nne linamaliza chumba na kubakiza ya kugusia. Ukibadilisha rangi unahitaji mikono miwili, na kopo halitoshi. Ndiyo sababu ya kumuuliza keateka, yaani msimamizi wa jengo, jina na namba ya rangi kabla ya kununua. Matundu ya misumari yazibwe kwa simenti nyeupe, yakauke, yasuguliwe kwa msasa, ndipo upake. Bomba likivuja, mara nyingi tatizo ni washa tu, kile kiduara cha mpira cha ndani. Fungia maji kwanza kabla ya kulifungua. Siku ya kukabidhi ufunguo mzunguke na anayeupokea vyumba vyote, upige video, na atie sahihi kwamba ameupokea.

Mahamali wana haki ya kutoza ngazi, kazi ni nzito. Wapunguzie mizigo. Viroba, ndoo na maboksi yateremshwe na watu wa nyumbani jioni ya kuamkia, yawekwe kwa jirani wa chini mnayeaminiana. Mahamali waitwe kwa vitu vinne au vitano tu: friji, kitanda, kochi, kabati, jiko. Taja bei ya vitu hivyo vyote kwa jumla hadi ndani ya nyumba mpya, wala usikubali bei ya kitu kimoja kimoja. Kama unahamia mtaa wa pili tu, mkokoteni utatosha. Panga mizigo mizito juu ya magurudumu, friji likisimama katikati, na mtu wenu mmoja atembee nyuma mwanzo hadi mwisho.